Utapakatwa na Nani

Mbarara, 8 Machi 2009

Kwa shangazi yangu mpendwa Annonciata,

Pokea salamu nyingi kutoka huku mjini. Natumaini goti limetulia na maharage yamesimama vizuri baada ya palizi. Mimi ni mzima. Bado nauza maziwa pale dukani, wake wa askari wanatoka kambi ya jeshi asubuhi na vidumu vyao na kila mmoja anataka ahudumiwe wa kwanza. Msalimie mwanao Bienvenu. Nimesikia amepata boda na anaikimbiza kwenye barabara ya Juru kana kwamba ana roho ya akiba. Aliyeniambia ni Shanitah mwenye mitumba, na ndiye atakayekuletea barua hii siku ya soko la huko kambini kwenu.

Nakuandikia kwa sababu simu haifai tena. Ile Jumapili uliyopiga, aliyepokea ni Naboth. Akasikia mama mmoja anaongea Kiswahili cha lafudhi asiyoijua, nikamwambia ni mtu aliyekosea namba. Usipige tena, shangazi, nakusihi.

Naboth ni yule sajini niliyekudokezea Krismasi. Anataka kunioa, na anataka kunioa kwa heshima. Mama yake, Bibi Medius, amekataa katakata mwanawe akae na mwanamke ambaye hakutolewa kwao. Anataka kuhingira, ile sherehe ya Wanyankore ya kumtoa binti kwa wazazi wake, na ng'ombe waonekane. Itakuwa Agosti.

Shida ni kwamba hawajui mimi ni nani. Siku ya kwanza Naboth alipoingia dukani nilimwambia naitwa Joanita, yatima wa Rugaaga. Runyankore yangu unaijua, nimeisoma shuleni na watoto wao, hakuwa na sababu ya kushuku. Neno lilinitoka tu, na likishatoka ukaliacha likae, linaota mizizi. Mzee Rwakabuba wa Rugaaga, ambaye maziwa yake ndiyo tunayouza, amekubali kusimama kama baba aliyenilea. Yeye anajua mimi ni mkimbizi wa Nakivale. Ng'ombe watabaki kwake.

Ninachokuomba ni hiki: usije. Wewe usije, Bienvenu asije, wala mtu yeyote wa kanisani. Siku ikipita nitakutafuta mwenyewe.

Usinikasirikie.

Mtoto wako,
Olga


Nakivale, 2 Aprili 2009

Mutoto wangu Olga,

Nakusalimu kwa jina la Yesu, na kwa jina lako ulilopewa na baba yako. Barua ilikawia juu ya mvua, ilikata barabara na Shanitah alilala Isingiro na mizigo yake. Goti liko palepale. Maharage yameoza nusu. Bienvenu, ni kweli, batu ba Juru banamuita Rubani, na mimi nafunga macho akipita. Jirani Eugénie alizaa mapacha, bote bazima, bwana yake anatembea anacheka peke yake.

Nilisoma barua yako. Nilivua miwani nikaipangusa, nikafikiri labda kosa ni la miwani. Nikasoma tena. Hapana, miwani ni mizima.

Sasa sikia. Mimi si mugeni wa Banyankore. Nimekaa kwao, nimealikwa kwenye ngoma zao, nimekula matoke yao mingi. Najua binti anapotolewa, bazazi banamupakata. Anakaa kwenye mapaja yao kama mutoto muchanga, batu bote banaona, halafu mama mukwe anamupokea kwenye mapaja yake. Ni kitu kizuri. Wewe, Olga, utapakatwa na nani? Na muzee wa maziwa?

Mwaka ule wa tisini na sita, tukikimbia vita kwetu Kongo, ulikuwa na miaka sita na miguu mirefu kama ya mwana-mbuzi. Ndani ya ile kamiyo, lori ya magunia, kulikuwa fasi ya mutoto moja tu juu ya mapaja yangu. Bienvenu ni mutoto wa tumbo langu, nilimuweka chini, miguuni pa batu. Nikakupakata wewe, juu wewe baba yako alikuwa ametoka kuchukuliwa na askari. Nilikupakata mpaka miguu yangu ikafa ganzi, na hili goti unalolisalimia kila barua lilianza hapo. Leo unaniandikia "usije," nisikuye.

Na huyo bwana anavaa buti. Sisemi zaidi, na unajua kwa nini sisemi.

Kula vizuri. Umekonda, Shanitah ameniambia.

Shangazi yako,
Annonciata


Mbarara, 10 Mei 2009

Shangazi mpendwa,

Salamu. Nimefurahi kwa mapacha wa Mama Eugénie. Nimewatumia kofia mbili za sufu kwa Shanitah, za njano, maana sikujua kama ni wavulana. Wewe nimekununulia dawa ya kupaka goti. Inanuka sana lakini wanasema inasaidia.

Swali lako limenifuata mpaka dukani. Nimejaribu kulijibu mara nyingi nikachana karatasi. Acha nikuambie nilichokuficha.

Naboth alikuwa na kaka yake mkubwa, naye askari. Alipelekwa Kongo mwaka wa tisini na tisa na hakurudi. Hata jeneza halikurudi, ilikuja habari tu. Tangu hapo Bibi Medius akisikia Kiswahili cha kwetu sokoni anavuka upande wa pili. Siku moja nilikuwa kwake namkorogea chai, redio ikataja Kongo. Akasema, bila hasira, kama mtu anayetaja bei ya chumvi: "Wale watu walinilia mwanangu." Mimi niliendelea kukoroga. Sukari ilishayeyuka zamani na mimi bado nakoroga.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungesema, mama, mimi ni mmoja wao?

Kuhusu buti: Naboth mwaka ule alikuwa mtoto wa shule, na hajawahi kuvuka mpaka ule. Nilimuuliza kwa ujanja, nikarudia siku nyingine kwa ujanja mwingine. Ni mtu mpole. Nikiumwa ananipikia posho, ugali wa huku, haiivi, nakula hivyohivyo. Nampenda, shangazi. Naliandika wazi ulisome wazi.

Nipe baraka yako kwa barua, nitaivaa kifuani siku hiyo. Lakini usije.

Olga


Nakivale, 9 Juni 2009

Olga,

Mapacha banakushukuru. Mmoja alikula kofia. Dawa inanuka mpaka mbuzi wa jirani amehama.

Sikukuya Mbarara, kama ulivyoamuru. Nilienda Rugaaga. Hukunikataza Rugaaga.

Bienvenu alinipeleka na boda yake, nikafika nikiwa nimesali sala zote ninazozijua. Nilibeba kapu la maharage, nikauliza kwa muzee Rwakabuba kama mutu anayeuza. Nikamukuta anakamua mwenyewe, amevaa kofia ya sufu kwenye jua. Bibi yake amekufa. Ulijua hilo? Nyumba haina mwanamuke hata moja, kuku banaingia mpaka chumbani. Akanikaribisha, akanipa maziwa kwenye kikombe cha bati. Mutu muzuri, kusema kweli, na hilo liliniuma zaidi, juu nilienda kumuchukia.

Nikamuuliza kama ni kweli anatoa binti mwezi wa nane. Akasema, ni kweli, yule binti hana mutu duniani, aliniambia mwenyewe.

Hana mutu duniani. Nikaweka kikombe chini, Olga.

Kisha akaniuliza mimi ni nani. Nikamujibu. Tukaongea mpaka ng'ombe zikarudi kutoka maji. Tuliyoongea sitakuandikia. Na mimi niko na siri zangu sasa.

Bienvenu anakusalimia. Alichinjiwa kuku kule, kwa hiyo yeye anaona safari ilikuwa nzuri.

Annonciata


Mbarara, 16 Juni 2009

Shangazi,

Umemwambia nini? Niambie upesi, nakuomba. Shanitah angoje kwako hata nusu saa, mpe jibu mkononi. Nilimwambia mzee sina mtu kwa sababu angejua ninao asingekubali. Si kwa sababu nyingine. Unajua si kwa sababu nyingine.

Silali. Niandikie.

Olga


Mbarara, 12 Julai 2009

Shangazi mpendwa,

Natumaini mko wazima. Shanitah amerudi mara mbili mikono mitupu. Mara ya kwanza alisema ulikuwa shambani. Mara ya pili alisema ulikuwepo, ulimpa mihogo, ukamwambia, "Mwambie nimesoma."

Jana Naboth alirudi kutoka Rugaaga, alikwenda na wazee wao kupatana mahari. Alikuwa na furaha. Akaniambia, "Hukuniambia una shwenkazi!" Ndivyo wanavyomwita shangazi wa upande wa baba, yule anayemtayarisha binti na kumkabidhi. "Baba yako ametuambia ana dada, bubu tangu utoto, na ndiye atakayekupakata pamoja naye."

 Nikasema ndiyo, nilimsahau, hatuonani sana. Akacheka, "Unamsahau shangazi?"

Ni wewe. Si lazima uniambie, najua ni wewe. Umewaza nini? Wewe huwezi kunyamaza hata kwenye mazishi, uliwahi kumkosoa mchungaji katikati ya mahubiri. Bibi Medius atakaa mbele yako siku nzima. Ukikohoa tu kwa lafudhi yetu nimekwisha. Si sherehe peke yake, nitarudishwa kama mwizi, na Naboth atachekwa kambini mpaka aombe uhamisho.

Bado kuna nafasi. Mzee anaweza kusema dada yake ameugua. Nakupigia magoti.

Olga


Nakivale, 20 Julai 2009

Mutoto wangu,

Amani kwako. Huku jua limeanza, tunaanika mihogo. Eugénie alivunja chungu kwenye kisima wakigombania foleni. Bienvenu alianguka na boda, hakuumia, amevunja taa na kiburi kidogo.

Nilikaa kimya makusudi. Nilitaka uone namna mutu anavyosikia akingoja neno kutoka kwa mutu wake.

Wazo la bubu ni la muzee, si langu. Nilimuambia yote: kwetu Kiliba, baba yako, kamiyo, mapaja. Alivua ile kofia. Akasema, "Mimi nilikubali kumupakata yatima. Huyu si yatima. Nitamupakata nikimuibia mutu." Nikamuambia mambo ya mama Medius na mutoto wake. Akafikiri mingi, akasema kila nyumba inaruhusiwa kuwa na bubu moja, na bubu haulizwi kijiji chake. Mushanana, lile vazi lao la sherehe, la marehemu bibi yake ataniazima, nimeujaribu, unanibana kwenye mabega.

Unasema siwezi kunyamaza. Bienvenu naye alicheka mpaka akakaa chini. Nanyamaza sasa nyumbani kila siku mpaka saa sita, kwa mazoezi. Jirani banafikiri ni mufungo.

Siombi ruhusa. Naomba kitu kimoja tu. Kabla hatujatoka chumba cha ndani kwenda mbele ya batu, utakaa kwenye mapaja yangu sisi babili peke yetu, na nitakuita Olga ndani ya sikio. Mara moja. Baada ya hapo uwe Joanita mpaka jioni, na mimi niwe bubu.

Usiniandikie kukataa. Sitafungua.

Annonciata


Nakivale, 24 Agosti 2009

Olga wangu,

Siku tisa na sijapata neno. Nakusalimu, wewe na bwana yako. Namusalimia kweli, nilimuona akimuinamia muzee, nikaona shingo ya mutoto aliyelelewa. Goti limevimba, ulikuwa mwepesi zaidi ndani ya kamiyo.

Wewe ulikuwa umefunikwa uso na kichwa kimeinama, kwa hiyo mambo hukuyaona, uliyasikia tu. Acha nikuambie yalivyokuwa.

Nilinyamaza, uliona. Banamuke bao balinisalimia, nikachezesha mikono. Bakanisengenya mbele yangu kama mbele ya kabati, bakasema nina mabega ya mulimaji. Nikanyamaza. Mama Medius alikaa na mukoba wake kwenye magoti, hakuuachia hata kwa kula, ananitazama. Nikanyamaza.

Halafu yule mutumishi wa Mungu akasimama na kipaza sauti. Akasema, "Mukama asiimwe." Bwana asifiwe. Bageni bakaitika kivivu, batu banaotaka kula. Na mimi, Olga, miaka yote hii nakaa kiti cha mbele kanisani. Hapa Nakivale mutu akisema Bwana asifiwe, huitiki kwa kufikiri. Mudomo ulifunguka wenyewe. Amina. Na haikuwa ya pembeni ya mudomo. Ilikuwa amina ya kwetu, ile ya kutoka tumboni, ya kuamusha batoto banaosinzia.

Ukasikia kimya kile.  Kisha muzee Rwakabuba, Mungu amuongezee ng'ombe, akarusha mikono juu akalia, "Dada yangu amesema!" Bakaanza vigelegele. Muujiza. Mwanamuke moja akaanguka chini. Mutumishi akakimbia akanisogezea kile kipaza sauti mudomoni, kinanuka mate ya batu bengine, akasema, "Sema neno la pili, mama. Moja tu."

Nilikuwa nalo. Nilikuwa na jina la Adolphe juu ya ulimi. Nilitaka kusema, huyu ni binti wa Adolphe, fundi wa baiskeli wa Kiliba, aliyetolewa nyumbani kwake akiwa na soksi tu miguuni, na bile buti zao zikakanyaga unga sakafuni. Nilitaka bote basikie. Nikamutazama mama Medius. Batu bote balitazama kipaza sauti, yeye alinitazama mimi.

Nilifunga mudomo, nikatikisa kichwa. Bakasema neema imekuja kwa neno moja, la pili litakuya mwaka ujao. Bakaimba. Nimekaa na kaka yangu mudomoni na nikamumeza, Olga, na tangu siku hiyo chakula hakina ladha.

Halafu akakupokea. Akakupakata, akainama, nikaona mudomo wake unaenda kwenye sikio lako. Fasi ileile nilipokuita mimi. Alikuambia nini? Ulilia, lakini siku hiyo binti anapaswa kulia, na sikujua ni kilio gani.

Niambie alisema nini.

Annonciata


Mbarara, 31 Oktoba 2009

Shangazi mpendwa,

Nisamehe kwa ukimya. Haukuwa wa kukulipiza. Natumaini goti limeshuka na chakula kimerudi kuwa chakula. Sisi tuko kwenye nyumba za askari, chumba kimoja na kijibaraza. Nimepanda nyanya kwenye debe bovu. Naboth anakusalimia kama shwenkazi wake bubu, na kila Jumapili ananiuliza kama lile neno la pili limekuja. Ninapomjibu simtazami.

Bibi Medius aliniambia hivi, neno kwa neno: "Huyo si bubu, na si wa Rugaaga. Lia, watu wanatazama."

Ndiyo nikalia.

Nilingoja anifichue palepale, hakunifichua. Nikangoja jioni, nikangoja wiki nzima. Kila akija hapa kambini ni vilevile. Anakaa, anakunywa chai, anaongea habari za ndizi, anaondoka. Mbele ya Naboth ananiita Joanita, polepole sana, kila herufi, na mimi naitika. Bora angenipiga. Nilianza kufunga nguo zangu, nikazifungua, nikazifunga tena.

Jumatano mama yake alikuja, Naboth akiwa zamu. Hakukaa kwenye kiti, alikaa kitandani kando yangu. Akasema, "Jina lako?"

Nikasema Olga.

"Wa nani?"

Nikasema wa Adolphe.

"Yuko wapi?"

Nikasema sijui alipolala, alichukuliwa nyumbani na askari, sijui wa nani, na hakuna aliyetuonyesha mahali.  Nilidhani sasa atasimama amwite mtu. Hakusimama. Alifungua ule mkoba wake asiouachia, mle ndani mna picha ya kaka yake Naboth, amevaa sare mpya, masikio yamechomoza. Akaitazama. Kisha akaniuliza, "Kule kwenu, mgeni akifa njiani, kuna mtu anayemfunika?"

 Nilikuwa na miaka sita, nilikuwa nimelazwa uso kifuani kwako ili nisione. Nikamwambia hivyo. Akafunga mkoba. Akasema, "Basi shangazi yako aliona. Mwambie aje aniambie. Lakini asinidanganye ili kunifurahisha, na asinidanganye ili kuniumiza."

Sijui kama ni mtego, shangazi. Uso wake siujui kuusoma. Naboth bado hajui chochote. Sikuambii uje, wala sikuambii usije. Sina nguvu tena ya kukuambia kitu.

Olga


Nakivale, 9 Novemba 2009

Mutoto wangu,

Salamu. Bote ni bazima. Bienvenu ameposa, nitakuambia uso kwa uso.

Nilisoma barua nikakaa nje mpaka chai ikapoa. Bile niliona njiani sijamuambia mutu. Wewe sikukuambia, Bienvenu sikumuambia, na yeye alikuwa chini pale, labda aliona yake. Kuko baliofunikwa, Olga. Majani ya ndizi, kitenge, hata mulango wa nyumba niliona umelazwa juu ya mutu. Na kuko bale tuliobapita tukigeuza uso. Mama Medius nitamuambia habari za bote, bale na bale. Asipotaka kunywa chai na mimi baada ya hapo, nitarudi nyumbani.

Nitakuya Jumamosi ya tarehe 28. Lakini Naboth ajue kabla sijafika, na ajue kutoka kwa mudomo wako, si wa mama yake na si wangu. Nisikuoze kwa uongo mara ya pili. Nilinyamaza siku moja kwa ajili yako na ilinimaliza nguvu zote. Sitanyamaza tena mbele ya bwana yako, hata kama atakufukuza. Akikufukuza, kitanda chako kiko, nimeanika godoro.

Annonciata


Mbarara, 25 Novemba 2009

Shangazi,

Salamu ni fupi, Shanitah anasubiri na mizigo iko garini.

Nimemwambia leo alipotoka zamu. Nilisimama, nikamwambia yote bila kupumzika, kuanzia dukani hadi kwenye amina yako.  Aliuliza kitu kimoja tu: "Mama anajua?" Nikasema anajua tangu siku ile. Akatikisa kichwa taratibu, akachukua buti zake na brashi, akatoka.

Yuko barazani mpaka sasa. Namwona mgongo. Anapiga rangi buti moja, ileile, ya pili hajaigusa. Jirani yetu alimsalimia, hakuitika. Hajaingia ndani na hajaondoka. Sijui Jumamosi utamkuta wapi.

Bibi Medius ametuma sukari na mkeka mpya. Hakusema ni wa nani.

Naogopa, shangazi, naogopa kuliko ndani ya ile kamiyo, maana kule nilikuwa nimefunikwa macho. Lakini sitafunga nguo. Batu ba huku banijue, halafu baamue.

Ukifika getini askari atakuuliza unamutafuta nani. Usiseme Joanita.

Kuya.

Olga wa Adolphe